Uzi maalumu: Hoteli na gesti za bei nafuu Italia, wapi pa kulala na gharama zisizoonekana kwenye tangazo

Mpanda_Regionale (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ukianza simu yangu haipumziki. Ndugu, marafiki, na marafiki wa marafiki wanataka kuja Italia na wote wana swali moja: tutalala wapi bila kumaliza akiba? Naishi Padova, na wageni wakija mimi ndiye ninayewatafutia vyumba. Nimeona niyaandike hapa kwa pamoja ili anayepanga safari apate pa kuanzia. Namwandikia mtu anayelipa kwa pesa yake mwenyewe, siyo anayelipiwa na ofisi.

Nianze na jambo linalowagharimu watu kuliko yote. Mtu anafungua tovuti, anaandika "hoteli Venezia" au "hoteli Firenze", anapanga kwa bei, anachukua ya chini kabisa. Italia usianze na jina la mji, anza na stesheni. Nchi hii ina treni za mikoa zinazoitwa Regionale, nauli yake haipandi hata ukikata tiketi dakika tano kabla ya safari, tofauti na treni za kasi, Frecciarossa na Italo, ambazo kadiri unavyochelewa ndivyo unavyolipa zaidi. Ukishajua Regionale inapita wapi, ramani ya vyumba vya bei nafuu inafunguka yenyewe.

Chukua Venezia. Chumba kidogo ndani ya kisiwa mwezi Mei kinaweza kukugharimu sawa na vyumba viwili vya Mestre, na Mestre iko ng'ambo ya daraja tu. Treni kutoka Mestre hadi Venezia Santa Lucia ni dakika kumi hivi, nauli haifiki yuro 2, na zinapishana kutwa nzima. Ukitoka nje ya Santa Lucia, Mfereji Mkuu uko mbele yako. Mestre yenyewe haina cha kupiga picha, ni mji wa watu wa kazi, ila vyumba ni visafi na supamaketi haziko mbali.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Tangu Aprili 2024 Venezia inawatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia kwa siku maalumu. Mwaka 2025 zilikuwa siku 54, yuro 5 kwa aliyelipa mapema na yuro 10 kwa aliyechelewa, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Anayelala ndani ya manispaa ya Venezia halipi ada hiyo kwa sababu analipa kodi ya kulala, na Mestre kiutawala imo ndani ya manispaa hiyo hiyo. Unachotakiwa ni kuingia kwenye tovuti ya jiji kuchukua msimbo wa msamaha. Lakini ukilala nje ya manispaa hiyo, kama Padova au Treviso, kwa kufuata bei, ada inakuhusu, kwa hiyo iweke kwenye hesabu zako kabla hujafurahia. Vilevile angalieni vyumba vya visiwa vya Giudecca na Lido. Bei inavutia, ila huko huendi wala hurudi bila boti, na tiketi moja ya boti ya abiria ni yuro 9.50 kwa dakika 75. Watu wanne wakienda na kurudi, ule unafuu wote umeishia majini.

Nikiulizwa mimi, Venezia inastahili usiku mmoja ndani ya kisiwa ukija Novemba au Januari, kabla ya Karnivali. Bei zinashuka sana na jioni watalii wa kutwa wakishaondoka mji unabaki na wenyewe. Majira ya joto, laleni Mestre bila kujiuliza mara mbili.

Roma ni kinyume chake. Huko sishauri kukimbilia nje ya mji, maana Roma ni kubwa na basi la jioni linaweza kukusimamisha kituoni mpaka ukate tamaa. Kaa kwenye mstari wa metro. San Giovanni, Re di Roma na Furio Camillo kwenye mstari A, au Piazza Bologna na Garbatella kwenye mstari B. Ni mitaa ya wakazi, kuna mkate, matunda na kahawa ya bei ya mwenyeji.

Wenye bajeti ndogo zaidi wanaangukia Termini, stesheni kuu ya Roma, upande wa Castro Pretorio, mitaa kama Via Palestro, Via Milazzo na Via Magenta. Pale jengo moja linaweza kuwa na gesti nne au tano, kila ghorofa na yake. Unafika mbele ya lango kubwa la mbao, pembeni kuna safu ya kengele zenye majina, hakuna bango lolote kubwa la hoteli. Ndani kuna lifti ya zamani ya chuma, ya kuingia watu wawili wakiwa wamebanana, masanduku yanasubiri zamu yake. Wengine hawana lifti kabisa. Kama unasafiri na mzee au mtoto wa kubebwa, uliza ghorofa ya ngapi na kama lifti ipo, uliza kabla ya kulipa.

Sasa kodi ya kulala. Hii karibu kila mji wa kitalii inatozwa kwa kichwa kwa usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni. Unadaiwa mapokezi. Kwa Roma, viwango vilivyoanza Oktoba 2023 ni yuro 4 hoteli ya nyota moja, 5 nyota mbili, 6 nyota tatu, 7.50 nyota nne, 10 nyota tano. Gesti na nyumba nyingi za kupangisha ni 6. Inatozwa mwisho usiku 10 mfululizo, na watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Fanya hesabu: baba, mama, mtoto wa miaka 12 na mwingine wa 7, gesti, usiku tano. Ni watu watatu mara 6 mara 5, yaani yuro 90 juu ya bei ya chumba. Familia hiyo hiyo kwenye hoteli ya nyota moja ingelipa 60. Ndiyo maana nawaambia watu wasidharau nyota moja. Nyota zinahesabu huduma, kama mapokezi ya saa 24, simu chumbani na mengineyo. Hazikuambii kama godoro ni zuri. Nimeona nyota moja za familia, bibi anapiga deki mwenyewe kila asubuhi, ambazo ningempeleka mama yangu.

Ukiona chumba "bagno in comune", choo na bafu viko koridoni, mnashirikiana. Ndivyo vya bei ya chini kabisa baada ya hosteli. Kwa kijana au mtu wa usiku mmoja mbili havina shida yoyote.

Firenze nitaipitia haraka: tafuta Rifredi au Campo di Marte, stesheni moja kutoka katikati, au Prato kama bei zimepanda mno. Milano epuka wiki za mitindo (Februari na Septemba) na maonyesho ya samani ya Aprili, siku hizo hata kitanda cha hosteli kinauzwa bei ya hoteli. Bologna nayo angalia kalenda ya maonyesho ya biashara kabla ya kupanga tarehe.

Kuhusu msimu kwa jumla, wiki ya Pasaka, Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba ndiyo ghali katika miji ya sanaa. Agosti Waitaliano wanahamia baharini na milimani, kilele kikiwa sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15. Hapo pwani hakushikiki, lakini Milano na hata Roma bei zinalegea. Joto lake ni kali, kwa hiyo kiyoyozi hakikisha kimeandikwa kwenye tangazo. Na wanaokuja kipindi cha baridi wajue jambo hili: joto la kupasha nyumba linawashwa kwa kalenda ya serikali. Roma ni kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, mwisho saa 12 kwa siku. Milano inaanza Oktoba 15. Palermo hawawashi mpaka Desemba 1. Ukilala gesti ya Roma wiki ya mwisho ya Oktoba na mvua inanyesha, mwenye nyumba akikwambia haruhusiwi kuwasha, anakwambia kweli. Omba blanketi la pili, wanayo kabatini.

La mwisho kwa leo, piga simu au andika moja kwa moja. Tovuti kubwa za kubuku zinachukua kamisheni. Zamani mikataba yake iliwazuia wenye hoteli kuuza chini ya bei ya kwenye tovuti, lakini sheria ya Italia namba 124 ya mwaka 2017 ilibatilisha masharti hayo. Mwenye hoteli yuko huru kukupunguzia. Tafuta kwenye tovuti, chagua, kisha mwandikie mwenyewe ukitaja tarehe na idadi ya usiku. Wengi wanashusha kidogo au wanakupa chai ya asubuhi bure, hasa ukikaa usiku tatu na zaidi.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.


BintiForodhani

Assalaam alaykum. Ahsante sana kaka kwa maelezo haya, Mungu akuzidishie. Mimi na wifi yangu tunataka kuja Roma Machi. Nimesikia kuna nyumba za masista zinapangisha vyumba kwa bei nzuri na ni salama kwa wanawake. Sisi ni Waislamu, tunavaa hijabu. Tutakubaliwa? Na chakula halali tutakipata wapi?


Mwanafunzi_Gianicolo

Dada BintiForodhani, karibu sana Roma. Nasoma hapa, na nyumba hizo nazijua kwa sababu baadhi ya masista wanaozihudumia wametoka kwetu Afrika Mashariki. Zinaitwa "casa per ferie". Hakuna atakayekuuliza dini. Utaulizwa pasipoti na saa utakayofika, basi. Hijabu hawataishangaa, wao wenyewe wanavaa shela.

Nikueleze zilivyo ili usije ukategemea hoteli. Chumba ni kitanda, meza, kiti, kabati, msalaba ukutani. Usafi ni wa hali ya juu. Chai ya asubuhi ni mkate, siagi, jamu, kahawa na maziwa. Nyingi zinafunga mlango usiku, saa 5 mara nyingi, na ukichelewa utakuwa umewaamsha watu wazima waliolala mapema. Ziko nyingi kuzunguka Vatikani na kando ya Via Aurelia. Baadhi hazipo kwenye tovuti za kubuku kabisa, unaandika barua pepe na unasubiri siku mbili tatu kujibiwa. Andika kwa Kiitaliano hata kama ni cha kutafsiriwa na simu, utajibiwa haraka zaidi. Uliza kama wanapokea kadi, maana baadhi bado wamezoea taslimu.

Halali nenda soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, bucha za halali zipo ndani, na utakuta mihogo, ndizi za kupika, bamia na viungo vyote. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini mwa mji, njia ya reli ya Roma Nord, unashuka Campi Sportivi.


Mpanda_Regionale

Nashukuru mkuu, hapo kwenye barua pepe umenisaidia sana. Dada, mkiwa wawili ulizeni "camera doppia", vitanda viwili mbalimbali. Ukisema "matrimoniale" mtapewa kitanda kimoja kikubwa.


MtuWaWatamu

Nawasalimu kutoka Pwani ya Kenya. Hapa kwetu Malindi na Watamu Waitaliano tumekaa nao miaka mingi, na Kiitaliano hata vijana wa ufukweni wanakizungumza. Kwa hiyo nasisitiza hilo la kupiga simu. Ndugu zangu wa pwani, na nyinyi wa Kiwengwa huko Unguja, lugha mnayo mdomoni, itumieni. Mwenye pensione, yaani hoteli ndogo ya familia, akisikia mgeni kutoka Afrika anaongea Kiitaliano kwenye simu, mazungumzo ya bei yanakuwa mepesi.

Mimi nilipokwenda nilikaa Rimini, kwenye bahari ya Adriatico. Kuna hoteli za familia nyingi mno, zimepangana mtaa kwa mtaa nyuma ya ufuko. Ulizeni "mezza pensione", ni chumba, chai ya asubuhi na mlo mmoja mkubwa. Juni mwanzoni na Septemba bei yake ukilinganisha na kula mkahawani kila siku, huwezi kuamini. Ila wakishapita msimu nyingi zinafungwa mpaka mwaka unaofuata, kwa hiyo msiende Novemba mkitegemea kuchagua.


Msafiri_Dodoma

Mkuu naomba kuuliza kuhusu viza. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi siku zote za safari. Nikilipia hoteli halafu viza ikakataliwa, hela yangu imekwenda. Kuna wakala ananiambia ananitengenezea karatasi ya hoteli kwa elfu hamsini. Nifanyeje?


Mpanda_Regionale

Mkuu, karatasi ya kutengenezwa achana nayo kabisa. Ubalozi unaweza kuipigia hoteli simu na kuuliza, na nyaraka ya kughushi ni sababu ya kukunyima viza, tena inabaki kwenye kumbukumbu zao. Umeshalipa ada ya viza yuro 90 na bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, usiviharibu kwa karatasi ya elfu hamsini.

Njia halali ipo na ni rahisi. Buku vyumba vya kweli vyenye kufutwa bure, uangalie tarehe ya mwisho ya kufuta iwe baada ya siku unayotegemea jibu. Sheria inawapa siku 15 kushughulikia ombi, na zinaweza kuongezwa, na unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Kwa hiyo omba mapema na chukua vyumba vinavyofutika hadi siku chache kabla ya kuingia. Hivyo huwa ni ghali kidogo kuliko visivyofutika. Viza ikitoka ndipo unatafuta cha bei ya chini zaidi, mradi mpango wa safari ubaki ule ule.

Kama utakaa kwa ndugu, yeye anakuandikia "lettera d'invito", barua ya mwaliko, na nakala ya kitambulisho chake. Ukishafika ana saa 48 kuitaarifu polisi kwamba anakulaza. Hoteli na gesti kazi hiyo wanaifanya wenyewe kwa mfumo wa polisi, ndiyo maana pasipoti ya kila mtu inaombwa, hadi ya mtoto mchanga. Msikasirike, ni sheria.


Mama_Wawili

Habari zenu. Tunaishi Ujerumani, tunataka kushuka kusini na watoto, Napoli na ile pwani ya Amalfi. Positano nimeangalia bei nikafunga simu.


Mpanda_Regionale

Dada, funga Positano, fungua Salerno. Ni mji wa kawaida wenye stesheni kubwa, ufuko wa kutembea na watoto, na kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli kuna boti za kwenda Amalfi na Positano. Mnaziona asubuhi, jioni mnarudi kulala kwa bei ya watu. Barabara ya pwani kwa basi ina kona nyingi, watoto wanaotapika garini watateseka, bora boti.

Napoli yenyewe ina vyumba vya bei nafuu kuliko Roma na Firenze. Karibu na Piazza Garibaldi ni rahisi kwa treni ya Circumvesuviana ya kwenda Pompei, ila kelele za usiku zipo. Ukipata kitu Vomero au karibu na kituo cha metro katikati ya mji, kwa familia napendelea huko.


Abu_Matrah

Salaam kutoka Muscat. Sisi tunakodi gari, watu sita, Toscana. Hoteli za mjini hazitufai. Kuna ushauri?


Mpanda_Regionale

Ndugu yangu, nyinyi ndio watu wa "agriturismo". Ni shamba linalofanya kazi kweli, la zeituni, zabibu au mifugo, na sheria inamtaka mwenyewe awe mkulima kwanza, wageni wawe nyongeza. Nyingi zina nyumba yenye jiko, bwawa la kuogelea na nafasi ya gari. Watu sita mkigawana, kila mtu analipa chini ya kitanda cha gesti ya Firenze. Tafuteni kuzunguka Arezzo au Grosseto kuliko Chianti, mandhari ni nzuri vilevile na bei imetulia. Waambieni mapema kuhusu nguruwe, meza zao za jioni zina nyama hiyo mara nyingi.

Gari sasa. Leseni ya Oman iende na leseni ya kimataifa. Na katikati ya miji kuna ZTL, eneo lililokatazwa magari ya wasio wakazi. Hakuna askari, kuna kamera, na faini inakufuata hadi Muscat kupitia kampuni ya kukodisha, nayo inakukata ada yake juu. Egesheni nje, ingieni kwa tramu au miguu.


Msafiri_Dodoma

Mkuu, nimefuata ushauri, nimebuku gesti Roma inayofutika. Jana nimepata ujumbe, eti ni mwenye gesti, anasema kadi yangu haijathibitishwa, nibonyeze kiungo nilipe ndani ya saa 12 la sivyo chumba kinafutwa. Kiungo kinafanana na tovuti niliyobukia.


Mpanda_Regionale

Usibonyeze. Huo ni utapeli unaowapata watu wengi. Matapeli wanaingia kwenye akaunti ya mwenye gesti na kukuandikia kwa jina lake, wakijua hadi tarehe zako. Fungua programu uliyobukia mwenyewe, angalia hali ya chumba chako. Kisha tafuta namba ya simu ya gesti mahali pengine, siyo kwenye ujumbe huo, uwapigie.

Na kwa wote: tangu Januari 1, 2025 kila nyumba ya kulala wageni Italia inatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya taifa, CIN, inayoanza na herufi IT. Lazima iwe kwenye tangazo na mlangoni. Kwa nyumba binafsi za kupangisha ndiyo kitu cha kwanza ninachokitafuta. Tangazo halina CIN, na mwenyewe ukimwomba anazungukazunguka, hamia kwenye tangazo lingine. Msafiri, namba ya gesti yako ikoje? Iandike hapa na jina la mtaa tu, jina la mtu usiweke, nitaangalia kesho asubuhi nikiwa kwenye treni.